Atakayempakata wa Kwanza

Basi lilipoondoka kituoni, mwalimu mstaafu alikunja gazeti lake, maana kiti cha mbele kilikuwa na habari mbichi zaidi. Wakwe wawili, bibi mzaa baba na bibi mzaa mama, walikuwa wakienda hospitali kumwona mjukuu aliyezaliwa alfajiri, baada ya wazazi wake kumngoja miaka mingi, hadi watu wakakoma kuuliza watapata mtoto lini.

"Ataitwa Muujiza," alisema mzaa baba, mshona nguo. "Nimeomba mpaka magoti yameota sugu."

"Na daktari aliyemtoa mwanangu uvimbe wa kizazi, alikuwa anapunga upepo?" aliuliza mzaa mama, mkunga wa siku nyingi. "Muujiza! Siku akifeli hesabu, atajificha wapi?"

"Mkono wa huyo daktari uliongozwa na nani?"

"Alisomea, mkwe wangu!"

Mwalimu aliona wote wana hoja, ila hakuna aliyemuuliza, na hilo lilimuuma kidogo.

"Basi yaishe," alisema mkunga. "Atakayempakata wa kwanza ndiye atakayempa jina."

"Nimekubali," alijibu mwenzake, na basi lilipofunga breki mbele ya hospitali alikuwa ameshasimama, viwiko mbele.

"Mbona mbio? Si umwachie Mungu akufikishe?"

"Ananifikisha kwa miguu hii hii!"

Mkunga akampitia ubavuni. Wakafika mlangoni mwa basi pamoja, wakabanana bega kwa bega, wakicheka mpaka machozi. Kondakta aliwasihi wapishane, mama zangu, mmoja mmoja. Hakuna aliyerudi nyuma hata hatua.