Karatasi ya Sita ya Bi Chaki

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mama mmoja, fundi cherehani. Wateja walimwita Bi Chaki, kwa kuwa chaki haikumtoka sikioni, hata akienda kununua sukari. Ametutoka wiki iliyopita.

Bi Chaki alipiga gitaa liitwalo tenor, lile dogo lenye nyuzi nne. Narudia, nyuzi nne. Aliachiwa na marehemu kaka yake. Alipotaka kujifunza, kila kitabu alichoonyeshwa kilikuwa cha nyuzi sita.

Mumewe anaukumbuka mwezi wa kwanza. "Nilimuuliza, mke wangu, hilo gitaa linaumwa jino? Akanijibu, wewe kula, unyamaze."

Akatafuta kwa sikio, sauti moja moja, miaka mitatu. Kila mkao wa vidole alioupata, aliuchora kwenye karatasi ya kukatia nguo. Alichora shingo ya gitaa kwa ukubwa wake halisi, na nukta nyekundu mahali pa kila kidole. Hata asiye na gitaa aliitandika mezani akazoeza mkono. Karatasi kumi na mbili. Alimgawia nakala kila aliyetaka kuanza.

Kisha mke wa mwanawe akakwama kwenye karatasi ya sita.

"Mama, hapa panalia vibaya."

"Vidole vyako bado vigeni, mwanangu. Rudia."

Akarudia wiki nzima. Mwisho akaliweka gitaa chini. Ndipo Bi Chaki akaweka vidole vyake mwenyewe juu ya nukta zake mwenyewe. Nukta moja ilikuwa imeruka mahali pake, hatua moja mbele kwenye shingo ya gitaa. Mkono wake ulijua pa kwenda, kwa hiyo hakuwahi kuifuata karatasi yake.

"Kwanza aliniomba radhi," anasema mkwe huyo. "Halafu akafunika cherehani. Akasema, watu kumi na tisa wana karatasi hii. Yupo aliyeacha akidhani hana kipaji, kumbe kosa ni langu."

Wakati huo kifua kilikuwa kimeshaanza kumsumbua. Bado alizunguka nyumba kwa nyumba, na kalamu nyekundu. Wa mwisho alikuwa fundi bomba. Alimkuta kazini, amejipenyeza chini ya sinki, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Baba, eti uliacha gitaa?"

"Niliacha, mama. Vidole hivi ni vya spana."

"Si vidole. Ni mimi. Toka huko nikuonyeshe."

Akaitandika karatasi pale pale sakafuni, akasahihisha nukta.

Jana nilimpigia simu fundi huyo.  Aliweka simu mezani, akapiga ule mkao wa sita. Ulilia sawasawa.

Kwa mumewe, watoto na mkwe wake, poleni sana. Na asanteni kwa kutugawia mama yenu. Nasi tuliobaki tujiulize: nani tulimwelekeza vibaya, naye hadi leo anajilaumu? Tumtafute, tumwambie.