Shati la Dirishani

Ndani ya basi la mikoani, fundi cherehani aliyekaa nyuma ya abiria wawili waliokuwa wakizungumza alikuwa ameshaacha kujifanya amelala. Kijana mwenye kompyuta mapajani alikuwa akimweleza jirani yake wa kiti, muuguzi mstaafu, kwamba yeye anaishi kwa kusafiri na kuandika blogu.

"Na kwenu unarudi lini?"

"Mama yangu anakaa hapo kituo kinachofuata. Ataniletea shati dirishani."

"Hushuki, mwanangu?"

"Nikishuka nitaandika nini, mama? Wasomaji wanataka safari."

"Basi hiyo si kazi, ni kifungo."

"Ofisi yangu ni dunia nzima," kijana akajibu, huku akikunja magoti ili abiria apite. Fundi akatikisa kichwa, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Basi likasimama. Mama mtu alikuwa ameshafika, amevaa kama anakwenda harusini. Akamnyooshea mwanawe mfuko wenye shati, akamuuliza kama analala vizuri, kama anakula, mbona amekonda.

"Samahani, mama," kijana akasema, simu mkononi. "Picha haikutoka. Hebu nipe tena."

Akamrudishia mfuko. Mama akaupokea, akaweka sawa kitambaa chake cha kichwa, akaunyoosha upya. Mara hii hakuuliza kitu.