Bibi Harusi Aingie kwa Wimbo Gani

Jumamosi moja ya Desemba 2012 nilipanda Probox kutoka Lodwar, nikakaa mbele na dereva. Nyuma walikaa watu wawili waliokuwa wamekutana stejini tu, wakagundua wameitwa kupiga muziki kwenye harusi moja Kakuma. Keziah, mwalimu kutoka Nyeri, alikuwa amepakata kinanda. Mabil, Mdinka wa kambi ya wakimbizi ya hukohuko Kakuma, alikuja na gitaa la besi, na shingo ya gitaa hilo ililala begani mwangu bila kuniomba ruhusa.

"Bibi harusi ataingia polepole, na wimbo wa kale wa Kijerumani," alisema Keziah, akauimba kidogo. Mabil akamjibu, "Madam, mama zetu wakisikia hiyo watauliza nani amekufa." Akauchukua wimbo uleule, akauvumisha kwa sauti nzito juu ya mdundo wa kwao, akijipiga goti. Kusema kweli, ulinoga. Hata dereva aliongeza mwendo.

"Hivyo atafika altareni mimi bado niko mwanzo!" Keziah akalalamika.

"Na kwa hiyo yako, atafika bwana amezeeka."

Wakabishana hadi Kakuma. Gari liliposimama mbele ya kanisa, akina mama walikuwa wameshamzunguka bibi harusi langoni, ngoma inalia, vumbi juu, wote wanaruka, naye anaruka kuwashinda.

"Watanyamaza saa ngapi?" Keziah akauliza.

"Wimbo ikiisha."

"Na utaisha saa ngapi?"

"Wakichoka, madam."

Niliwatazama wale akina mama. Hawakuwa na dalili hiyo.