Papa Banza na Mikono Iliyochoka

Baada ya miaka ishirini na sita katika kampuni yetu ya ulinzi, Bwana Banza Ngoy, ambaye hapa kila mtu humwita Papa Banza, anastaafu Jumatatu tarehe 30 Juni 1997. Tarehe hiyo hakuichagua, imeletwa na umri wake tu. Lakini kila Mkongomani atakayesoma karatasi hii atatabasamu, kwa sababu ni siku ya uhuru wa nchi yetu. Mwenyewe amekwisha kutuambia atakavyoisherehekea: « Uhuru ya inchi nilicheza muziki. Uhuru yangu, nitalala. »

Amechoka, na hafichi. Vidole vyake vimekuwa vigumu, mgongo unamuuma, na ngazi za kushuka kwenye chumba cha silaha, hapa Saint-Josse mjini Brussels, anazishuka akishika ukuta. Nasi pia tumechoka. Mwaka huu zamu zimekuwa ndefu na watu wachache, na hata mimi, Mauwa, ninayekaa kwenye redio ya mawasiliano tangu alfajiri huwa ninasinzia kwenye tramu nikirudi nyumbani. Basi msishangae kama sifa hizi zitapiga miayo hapa na pale. Mapenzi yaliyomo ndani yake hayasinzii.

Papa Banza alizaliwa Likasi, akajifunza ufundi wa mbao na chuma huko huko kabla ya kuja Brussels. Mwaka 1971 kampuni ilimwajiri kama dereva, kisha akalinda maghala, na mwishowe akapewa chumba cha silaha, kwa kuwa ndiye pekee aliyejua kutumia tupa na msasa. Tangu hapo kazi yake imekuwa moja: kuhakikisha kwamba kila mlinzi anayebeba bastola anabeba ile inayoukaa mkono wake.

Zamani kazi hiyo ilikuwa rahisi. Bastola zilikuwa kubwa, zikivaliwa waziwazi kiunoni, na mkono wowote ulipata pa kushika. Baadaye wateja wetu wenye maduka ya vito upande wa Porte de Namur walisema hawataki wanunuzi wao waone silaha. Walinzi wakavaa makoti ya kawaida, na bastola ikabidi iwe ndogo ya kufichika chini yake. Hapo ndipo shida ilipoanza. Mpini mfupi hukiacha kidole cha mwisho kikining'inia hewani. Ukiwa mwembamba mno, bastola huzunguka mkononi kila risasi inapotoka. Ukiwa mnene, mwenye vidole vifupi hafiki vizuri kwenye kifyatulio, naye hulazimika kupinda mkono wote. Ukiwa laini, huteleza kwa jasho. Ukiwa na mikwaruzo mikali, unashikika vizuri ajabu, lakini unasugua ubavu kutwa nzima na kutoboa bitana ya koti. Mama Antoinette, mke wa Papa Banza, ameshona bitana nyingi za walinzi wetu, na kila mara hakukosa kuuliza kama bastola hizo zinakula nguo.

Miaka miwili iliyopita kampuni ilipotaka kununua bastola ndogo mpya, sampuli tatu ziliwekwa mezani bila risasi. Walinzi walishuka asubuhi, wameoga, wamekunywa kahawa, na karibu wote walipenda ile nyembamba iliyo nyepesi kama mkate. Papa Banza aliwafukuza. « Mukono ya asubuhi iko inadanganya, » aliwaambia. « Rudieni mangaribi, wakati munachoka. »

Jioni walirudi wakiwa wamesimama milangoni siku nzima, wengine vidole vimevimba, wengine vimekauka kwa baridi. Aliwaambia wafumbe macho, wachomoe bastola kwenye ala, wainyanyue. Yeye hakuangalia bastola. Aliangalia kidole cha mwisho kimekwenda wapi na kiganja kimeacha nafasi wapi. Ile nzuri ya asubuhi iligeuka kama samaki mikononi mwa watu waliochoka. Ilichaguliwa nyingine, nene kidogo, ambayo mpini wake ulikuwa mrefu zaidi kwa upana wa kidole kimoja tu. Inaonekana zaidi kidogo chini ya koti, ni kweli, lakini mpaka leo hakuna mlinzi aliyelalamika. Baada ya hapo Papa Banza aliichongea kila bastola mbao za pande mbili za mpini, kufuatana na mkono wa mwenyewe.

Vipimo vyake alivichukua katika salamu. Mnajua alivyo: akikupa mkono hauachii mpaka amemaliza kuuliza habari ya nyumbani, ya watoto, ya shemeji aliyebaki Lubumbashi. Wabelgiji wapya huona aibu na kuangalia dari. Sisi tumezoea. Kumbe wakati wote huo anasikiliza kwa vidole vyake: wapi pana sugu, wapi pameingia lengelenge, gumba limekaza au limelegea.

Sasa naomba mnivumilie, kwa sababu sifa kubwa kuliko zote inapita nyumbani kwangu.

Mwezi wa Februari nilifunga ndoa na Lucien, mlinzi wa zamu ya Porte de Namur, mwanamume mwenye macho ambayo hata theluji ya Brussels ingeyeyuka mbele yake. Lucien anatumia mkono wa kushoto. Pete ya ndoa nayo tuliivaa mkono wa kushoto, kama wanavyofanya wengi hapa. Nilipoitia kidoleni mwake kanisani nilisikia moyo wangu unapiga mpaka kwenye kofia ya Mama Antoinette aliyesimama nyuma yangu. Hatukufikiri jambo lingine lolote siku ile. Nani angefikiri?

Mwezi wa Aprili ukaja mtihani wa shabaha wa kila mwaka. Lucien, ambaye hajawahi kushindwa, alishindwa. Alipewa nafasi moja tu ya kurudia, katikati ya Juni. Akishindwa tena angeondolewa kwenye kazi ya silaha, na kampuni haikuwa na nafasi nyingine ya kumpa. Tulikuwa ndiyo kwanza tumetundika mapazia ya buluu kwenye nyumba yetu mpya.

Kila mtu alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa moja. Nassoro, rafiki yake na mlinzi mwenzake kutoka Bujumbura, alikuwa akimpokea mlangoni kwa kelele: « Bwana harusi! Ulioa Mauwa ao ulioa usingizi? » Hata Papa Banza, nasema hili kwa heshima yote, alikosea safari ile. Alinipitia kwenye meza ya redio, akainama taratibu, akaniambia kwa sauti ya baba mzazi: « Mama Mauwa, acha bwana yako alale, quand même, hata kidogo. » Nilitaka meza inimeze. Nikamlaza Lucien mapema kama mtoto wa shule. Akalala vizuri sana, na kwenye mazoezi akaendelea kukosa shabaha.

Siku moja nilipokuwa nikipiga pasi shati lake la kazi, pete ilidondoka kutoka mfukoni. Kumbe alikuwa akiivua kila asubuhi akifika kazini, na kuivaa tena kwenye ngazi za nyumba yetu; siku ile alikuwa ameisahau. Sitaeleza nilivyolia. Kesho yake, mwisho wa zamu, Papa Banza aliniona na macho yangu mekundu. Alimngoja Lucien apande kutoka metro, akampa mkono wa kushoto, akaushika.

Safari hiyo hakuuliza habari ya mtu yeyote. Alipitisha gumba lake chini ya kidole cha pete, pale kinapoanzia, akakuta lengelenge lililopasuka na kupona na kupasuka tena. Palepale akaelewa. Kila Lucien alipoikaza bastola, pete ilibanwa kati ya kidole na ukingo wa mbele wa ubao, ikauma nyama, naye aliona haya kuniambia. Mkono ukajifunza kuogopa kabla ya risasi kutoka. Ndiyo maana hata alipoivua pete bado alikosa: mkono uliendelea kulegea ukingoja maumivu.

« Mi ndiye nilikosa, » Papa Banza alisema. « Nilichongea mukono ya kijana. Sasa huyu ni bwana ya mutu. » Kisha akamwambia avae pete yake na asiivue tena.

Kilichofuata wengi wenu hamkukiona. Kwa vidole vile vigumu, ambavyo asubuhi vinashindwa hata kufunga kamba za viatu, alichonga ubao mpya wa upande wa kushoto. Alisugua kidogo, akapumzika, akasugua tena. Mama Antoinette alimkataza, mtaa mzima wa Jette wanakoishi ukasikia: « Weye muzee, unatafuta pensheni ao unatafuta hopitali? » Mzee alimwita Lucien kila mwisho wa zamu, mkono umechoka na pete iko kidoleni, akamshikisha ubao ule. Mwishowe kwenye ukingo wa mbele kukawa na kibonde kidogo, kisichozidi upana wa pete, ambamo ndoa yetu inalala vizuri bila kumuuma mtu.

Wiki iliyopita Lucien alirudia mtihani. Aliomba apangiwe baada ya kazi, si asubuhi, na msimamizi akakubali. Alifaulu. Nassoro ndiye aliyenitangazia kwenye redio, kwenye mtambo wa kazi, jambo ambalo limekatazwa kabisa: « Mauwa, bwana yako ameamuka! » Lucien alipofika nyumbani pete ilikuwa kidoleni, na nilikibusu kidole kile mpaka chakula kikaungua.

Ubao ule ndio kazi ya mwisho ya Papa Banza. Alipomaliza aliifuta tupa yake, akaitia sandukuni, akasema: « Bon. Minachoka. » Hatujawahi kusikia mtu akilisema neno hilo kwa furaha namna ile.

Papa Banza, tunakushukuru kwa kila kidole ulichokipatia mahali pake. Jette ikupe asubuhi nyingi zisizo na saa ya kukuamsha, Mama Antoinette akuchemshie chai na kukugombeza kwa afya njema, na vidole vyako visishike tena kitu kigumu kuliko mkono wake.

Uongozi ulitaka tukuage saa nne asubuhi, kwa kahawa na keki. Sisi tumekataa. Jumatatu tutashuka wote kwako zamu ikiisha, miguu inauma, makoti yametulemea, tukupe mkono mmoja mmoja. Usiuachie haraka. Utakuwa mkono wa mangaribi, ule usiodanganya.