Historia ya Bi Magome na Ubao Niliomnyima

Mchungaji wetu, wafiwa wenzangu, majirani, na nyote mlioacha kazi zenu mkaja kutusitiri, nasimama hapa kama mdogo wa marehemu, wa tumbo moja, na kwa kuwa shule yangu iliishia njiani naomba mnivumilie nikisoma polepole, maana karatasi hii nimeiandika mara mbili, ya kwanza ilikuwa na mwandiko mzuri lakini ilikuwa na uongo, nimeichana leo asubuhi.

Marehemu dada yangu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kama Bi Magome, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa kwanza kati yetu wawili, baba akiwa fundi seremala na mama akiwa mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili yenye uwanja wa nyuma, na katika uwanja huo palikuwa na mti mkubwa ambao siwezi kusoma historia hii nikauruka. Siku ya Ijumaa, tarehe 2 Juni 1967, saa nne asubuhi, pasipo upepo hata wa kutikisa kamba ya nguo, mama akiwa anaanika mashuka, tawi moja la mti ule lilikatika likamwangukia, akafariki palepale, dada akiwa na miaka tisa na mimi minne. Watu walipokuwa wakiliondoa tawi, dada aliibandua okidi, ule mmea wa maua unaoishi juu ya miti, iliyokuwa imeota kwenye tawi hilo, akaifunika kwa sketi yake ya shule, hakulia, alisema tu kwamba na hii nayo imeanguka. Baba alilipasua tawi lile mbao, akazichoma zote isipokuwa moja, na kwa nini aliibakiza hiyo hakumweleza mtu.

Dada alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1965 hadi 1971, akaendelea na sekondari hadi Novemba 1975, na tarehe 5 Aprili 1976 akaajiriwa katika bustani ya mimea, kwenye banda la kivuli, akatumikia miaka thelathini na saba mpaka alipostaafu mwaka 2013, na jina la Bi Magome alilipata huko, kwa sababu mifuko ya koti lake la kazi haikukosa magome. Aliwafundisha wengi wenu mliokaa safu ya pili kwamba okidi za mitini hazili udongo, udongo unazikaba pumzi, zinataka kitu cha kushika, na kazi ya mtunzaji ni kuzitafutia kitu hicho, zenye mizizi minene huwekwa kwenye vipande vikubwa vya mkaa na magome ili hewa ipite, zenye mizizi kama uzi hupewa magome madogo yanayotunza unyevu, makumbi ya nazi hulowekwa siku tatu kwa kubadilishiwa maji ili chumvi itoke, na ubao uliopakwa dawa ya mchwa usisogezwe karibu hata kidogo. Kila gogo aliligonga kwa kifundo cha kidole, akaliwekea sikio, ndipo alipokubali au kukataa, na mfanyakazi mgeni akicheka alimwambia, "Cheka tu, baba, si wewe utakayening'inia hapo."

Tarehe 22 Agosti 1981 alifunga ndoa na fundi bomba aliyekuja kurekebisha maji ya banda lile, na ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, kazi ya siku mbili aliifanya kwa wiki tano ili asiondoke, wakajaliwa binti mmoja tarehe 30 Januari 1984, ndiye huyu aliyekaa kando ya jeneza, na shemeji yangu alitutangulia mwaka 2010.

Miaka yote hiyo dada aliitafutia makao ile okidi ya siku ya mama, akaiita Mkaidi, kwa sababu haikufa, haikuchanua, na haikushika kitu. Aliijaribu kwenye mkaa mwaka 1979, kwenye gome la msonobari mwaka 1986, kwenye gogo la mparachichi mwaka 1994, akiifunga kwa vipande vya soksi za nailoni ili isichubuke, na kila mara mizizi ilikua mpaka ikabaki nafasi ya unywele kugusa, ikasimama, ikageuka na kurudi ilikotoka. Mwishowe ikaishi kwa kuning'inia kwenye waya, mizizi hewani, kama mtu aliyekataa kiti.

Sasa nafika mahali ambapo karatasi ya kwanza iliruka. Baba alipofariki, tarehe 17 Novemba 1988, ule ubao mmoja aliniachia mimi, na dada alikuja kuuomba mwaka 1989, akaja tena 1995, akaja tena 2004, akisema amejaribu kila kitu isipokuwa huo, nami mara zote tatu nilimjibu kwamba mchwa waliumaliza. Haukuliwa na mchwa. Ulikuwa chini ya godoro langu. Sura ya mama siikumbuki, na ubao ule kila tarehe 2 Juni ulitoa unyevu, hata kiangazi cha kukausha visima, nami niliulalia huku nikijua namkosea dada, naungama mbele za Mungu na mbele yenu, nilitaka kuwa na mama peke yangu.

Dada alianza kuugua mapafu Oktoba 2022, akalazwa mara mbili, na tarehe 3 Aprili 2023 madaktari waliturudisha naye nyumbani, na nilipoona alivyokwisha nilikwenda kuuchukua ubao, nikautundika ukutani kama rafu ya dawa zake, bila kusema ulikotoka. Mkaidi ilikuwa dirishani, upande wa pili wa kitanda, penye mwanga na unyevu, lakini wiki mbili baadaye ilitoa mzizi mmoja ulioliacha dirisha, ukapita hewani juu ya mto wa mgonjwa, karibu vidole viwili kwa siku kwa rula ya binti yake, ukielekea kona kavu isiyo na jua, na tarehe 11 Mei ukaugusa ubao, ukanata. Dada aliutazama mzizi, akanitazama mimi, akaniuliza, "Mdogo wangu, wale mchwa waliutapika lini?" Nami, Mungu anisamehe, nikamwambia ubao huo nimeununua kwa fundi, akacheka mpaka tukamwinua akohoe.

Ijumaa, tarehe 2 Juni, saa nne asubuhi, Mkaidi ilifungua ua moja, jeupe, la kwanza katika miaka hamsini na sita, na chumba kikajaa harufu ya sabuni ya kipande na mashuka mabichi, hata muuguzi aliyekuja kumchoma sindano akauliza ni nani anafua, na hakuna aliyekuwa akifua. Dada aliomba tumgeuze alale akiielekea. Alifariki tarehe 9 Juni 2023, saa kumi na moja jioni, akiwa na miaka 65, ameacha binti mmoja, wajukuu wawili, na mdogo mmoja mwongo.

Leo asubuhi mpwa wangu amenieleza agizo la mama yake, kwamba mmea na ubao wake apewe mjomba, ila asipewe mpaka aseme mbele za watu ubao ulikotoka, na asiposema, vyote viwili vichomwe moto. Sitaficha na hili, naogopa kuuchukua mmea huo, kwa sababu tangu jana umetoa mzizi wa pili, na ncha yake haielekei ubao wala dirisha, inaelekea kiti nilichokuwa nimekalia, nikahamia kile cha mlangoni, na nilipoutazama tena ulikuwa umepinda kunifuata. Lakini nimesema, na nitauchukua, wala sitaubandua.

Familia inawashukuru madaktari na muuguzi wetu, majirani mliotukopesha viti na kutuchotea maji, wafanyakazi wa banda la kivuli mliokuwa mkija kuimwagilia mimea yake bila kuitwa, na fundi wa jeneza, aliyetuvumilia tukigonga kila ubao kabla hajapigilia misumari.

Dada yangu, nililokuficha nimelisema, na walionisikia ni wengi. Pumzika kwa amani.