Jumamosi ya Kusikiliza Shoka

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha chai cha Edinah, hapa sokoni Merigi. Leo amepika nusu sufuria tu, kwa sababu chemichemi yetu inakauka. Tulikubaliana kwenye kokwet, baraza letu la kijiji, kwamba Jumamosi iliyopita kila mwenye mikaratusi kando ya maji aikate, maana inakunywa kupita ng'ombe. Jumamosi imepita. Hakuna mti ulioanguka, hata ile yangu kumi na miwili bado imesimama, na inaniuma kusema hivyo.

— Mimi nilinoa shoka asubuhi mapema, akasema Kipkosgei, tunayemwita Diwani kwa kuwa amegombea mara mbili akaanguka. Nikakaa nje nisikie kama kwa Ogeto wameanza. Kimya.

— Na mimi nilikuwa nasikiliza yako, akasema Ogeto, muuza dawa za ng'ombe, Daktari wetu. Nikate miti yangu, wewe ubaki na nguzo za kuuza? Sitaki kuwa mjinga wa kijiji.

— Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

— Hiyo inaingiaje hapa, Diwani?

— Si ni mambo ya maji.

— Zamani hatungefika hapa, nikasema. Mnakumbuka kile kibuyu cha chemichemi? Kila mtu anakunywa, anakirudisha kwenye kijiti chake pale kando ya maji. Na mikebe ya maziwa tulikuwa tunaacha barabarani bila mtu.

— Nakumbuka mpaka roho inauma, akasema Edinah.

— Kufuli ndiyo iliharibu, akasema Daktari. Ile ya kwanza ilipouzwa hapa, maji ikapungua mwaka huo huo.

— Sio kufuli, ni simu, akasema Diwani. Zamani ukitaka kujua jirani anafanya nini, unaenda kwake, unapewa mursik, maziwa yetu ya mgando, unakunywa. Siku hizi unaangalia status.

— Basi maji iko, akasema Daktari. Imehamia upande wa Sigor, kwa watu bado wanasalimiana.

Jentrix, aliyekuja juzi kutoka Kakamega kufanya kazi kiwanda cha majani chai, alikuwa amesimama na mtungi mtupu akitusikiliza.

— Samahani wazee. Hawa majirani mnaogopa watawachezea shere, ni nani kati yao alishawahi kuwachezea?

Daktari akaniangalia. Mimi nilitafuta jina moja tu katika miaka yangu hamsini hapa Merigi, nikakosa. Niliona aibu, na bado sikutaka kuwa wa kwanza kusimama nikachukue shoka.