Visu vya Springi Ndani ya Kontena Yetu

Wanachama wenzangu, mimi nilikuwa nasimama hapa kila mkutano nikiwaambia hakuna kitu duniani kinaweza kunishtua tena. Niliacha shule darasa la tano, nikauza makasi ya maua mlango kwa mlango kule Karagita, kwa wafanyakazi wa mashamba ya maua, na leo nina duka Nakuru mjini. Nilijijenga peke yangu. Hata leo nitasema hivyo, lakini nimechoka, kwa hivyo nitasema polepole.

Niliona kwa simu visu vya springi. Unabonyeza kitufe, makali yanaruka yenyewe. Nikafikiria wale wakata maua: mkono mmoja umeshika shina, mwingine unafungua kisu. Nikaagiza mia sita. Kimoja cha sampuli kilitangulia, nikawa natembea nacho mfukoni, nikikionyesha watu kama saa mpya.

Mnajua sisi wafanyabiashara wa chama hiki hujaza kontena moja kutoka ng'ambo, watu kumi na wawili. Ajenti wetu wa mizigo akaniletea fomu, yote Kizungu. Nikamwambia, "Andika vifaa vya bustani, boss, niko na haraka." Nikaweka sahihi. Ndugu zangu, nawaambia, haraka sikuwa nayo. Kusoma ndiko sikuweza.

Kontena ikashikwa na watu wa forodha. Sufuria, nguo za watoto, kila kitu. Ajenti aliambiwa tu kuna mzigo wa mtu mmoja usioruhusiwa. Mkaanza kumsengenya mwenzetu wa spea za simu. "Ni huyo, simu za wizi." Mkaacha kununua kwake. Wiki tatu nilikaa kiti hicho hapo nyuma, nikatingisha kichwa pamoja nanyi.

Mama mmoja wetu, wa sufuria, akaja dukani. Nikatoa kisu nimchekeshe. Hakucheka.

"Baba, visu hivi ndivyo umeagiza?"

"Ndiyo."

"Na ile fomu, ulisoma?"

Nikakikunja kile kisu. Kisha nikasema kitu ambacho hata mke wangu sijawahi kumwambia: "Mama, Kizungu sijui."

Akanipeleka saiba, pale pa intaneti, tukachapisha sheria ya visu kama hivyo, akanisomea hapo kwa benchi, neno kwa neno, bila kunidharau. Hapo nikajua mzigo usioruhusiwa ni wangu.

Kesho yake nikaenda kwa afisa wa forodha mwenyewe. Alikuwa na kisu kimoja mezani. Akabonyeza, kikaruka.

"Mzee, hii ni ya maua gani?"

"Waridi," nikasema.

"Waridi lilikukosea nini? Kuleta hivi ni makosa, kuuza ni makosa. Hata kutembea nacho kunaweza kukufikisha kortini."

Kilikuwa mfukoni mwangu. Ningeweza kunyamaza, nimezoea. Nikakitoa, nikakiweka mezani, nikaandikisha kwamba mzigo ni wangu peke yangu. Visu vikaharibiwa, nikapigwa faini, kontena ikaachiliwa.

Mwenzetu wa spea, mbele ya wote hawa, nisamehe. Ajenti, asante kwa kunishikia simu hata nilipokutukana kwa sababu ya kontena. Mama wa sufuria, sina maneno. Sasa kila Jumamosi ananifundisha kusoma, na ninasoma kama mtoto, kidole kwa karatasi. Wewe ambaye huweka sahihi ukiangalia kando, ninakujua. Uliza tu. Aibu ya kuuliza ni ya dakika moja.

Yangu ya kutouliza, pamoja na faini, bei ya visu na kodi ya kontena ya zile wiki iliposhikwa, niliyowalipia nyote, ilinigharimu shilingi laki nne, elfu kumi na mbili, mia tatu na arobaini. Hiyo arobaini ni ya kuchapisha ile sheria.